Samaki wa Kamere na Udongo wa Kinangop

Pengine msomaji atauliza kwa nini gazeti la wakulima limempa samaki ukurasa mzima. Mkulima ana ng'ombe wake, ana viazi na kabeji zake, na ziwa liko mbali huko chini. Namwomba asome mpaka mwisho, kwani samaki huyu na shamba lile ni majirani kuliko wadhanivyo wengi.

Kamere iko kando ya kusini ya Ziwa Naivasha, kwenye barabara ipitayo kati ya mashamba ya maua. Ni mahali pamoja katika pachache ambapo mwananchi aweza kufika majini bila kupita kwenye lango la mtu. Hapo wavuvi hushusha samaki wao, na wapishi huwakaanga hapo hapo na kuwauzia wapita njia. Hapo pia ndipo mtu mwenye ufito, mshipi na ndoana aweza kujaribu bahati yake.

Samaki atafutwaye na watu wa ndoana ni yule ambaye jina lake la Kiingereza tumeligeuza likawa basi. Silo basi la abiria liendalo Nakuru! Huyu ni samaki wa rangi ya kijani, mwenye mstari mweusi ubavuni na kinywa kikubwa kilichopasuka hata nyuma ya jicho. Kwao ni Marekani. Samaki wa asili wa Naivasha walikuwa wadogo sana, wasiotosha kitoweo, na kwa hiyo tilapia aliletwa mwaka 1925, na basi akafuata mwaka 1929 ili walowezi wapate mchezo wa kuvua. Uvuvi wa nyavu wa biashara ulianza 1959, na tangu hapo samaki wa mchezo akawa pia samaki wa sufuria.

Huko kwao samaki huyu huvuliwa kwa mashindano, katika mito na maziwa. Mwaka 1967 mwuza bima mmoja, Ray Scott, alikusanya wavuvi 106 kwenye ziwa la Beaver, jimbo la Arkansas, kila mmoja akitoa kiingilio cha dola 100, na siku hizi mashindano ya namna hiyo ni mengi mno. Kanuni zake ni rahisi. Wavuvi huondoka pamoja alfajiri. Nyavu hazitumiki, ni ndoana tu. Kila mtu huchagua samaki wake wakubwa, mara nyingi watano, na kuwaweka katika tangi la maji ndani ya mashua. Saa iliyopangwa ikifika wote hurudi kwenye mizani, na achelewaye hukatwa uzito. Tangu 1972 chama cha Scott kilihimiza samaki warudishwe majini wakiwa hai, na aletaye samaki mfu hupunguziwa. Yaani mshindi hurudi nyumbani mikono mitupu, ila zawadi yake. Najua wapo watakaocheka habari hiyo.

Lakini samaki mkubwa kuliko wote alivuliwa na mkulima, tena akaliwa. Tarehe 2 Juni 1932 katika jimbo la Georgia, kijana aitwaye George Perry aliona shamba limelowa mno kwa mvua, hata halilimiki. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, na nyumba ilimtegemea yeye. Akaenda na rafiki yake kuvua katika Ziwa Montgomery, ambalo ni kipande cha Mto Ocmulgee kilichoachwa mto ulipobadili njia. Akanasa basi wa ratili 22 na wakia 4, yaani kilo 10 na zaidi. Akampima dukani, kisha akampeleka kwa mama yake, nao wakamla. Uzito wake aliupeleka kwenye shindano la gazeti la Field & Stream, akapewa vitu vya thamani ya dola 75. Hakuna aliyempita kwa wazi mpaka leo. Mwaka 2009 Mjapani mmoja, Manabu Kurita, alimfikia tu, katika Ziwa Biwa.

Sasa turudi Kamere. Shindano la basi halifanyiki kwa zawadi na mizani peke yake. Lataka maji ambayo samaki huyo aweza kuona ndani yake.

Basi ni mwindaji wa macho. Hafukuzi mawindo kama mbwa afukuzavyo sungura, bali hujificha kivulini, penye mafunjo au kando ya gogo, akingoja kama paka mbele ya tundu la panya. Kitu kikipita karibu hukirukia mara moja. Zamani alikula vyura na samaki wadogo. Kamba mwekundu wa Louisiana alipoletwa mwaka 1970, basi wakubwa wakamfanya chakula chao kikuu. Maji yakiwa matope mwindaji huyu ni kama kipofu, na ndoana yako hataiona pia.

Kuzaa kwake nako kwahitaji maji safi. Dume hufagia tope kwa mkia mahali pasipo na kina kirefu, mpaka mchanga au kokoto zionekane, na jike hutaga hapo. Jike akiisha kutaga huenda zake. Ni dume alindaye mayai, akiyapepea ili uchafu usitue juu yake, na baada ya siku chache yakianguliwa hukaa na watoto mpaka wapate nguvu. Wako akina baba wasiofanya hata nusu ya hayo. Lakini bidii yake yote haifai kitu kama mto unashusha udongo usiku na mchana, maana mayai yaliyofunikwa na tope hukosa hewa yakafa.

Udongo huo watoka wapi? Sehemu kubwa ya maji ya Naivasha huletwa na Mto Malewa, utokao milima ya Nyandarua. Turasha, mto wa Kinangop, huungana nao. Hayo ndiyo mashamba waliyogawiwa wananchi katika skimu za makazi zilizoanza 1962, miteremko mizuri ya viazi na maziwa. Palimwapo kutoka juu kwenda chini, au hata ukingoni mwa mto, mvua moja kubwa huchukua udongo wa juu pamoja na mbolea iliyonunuliwa kwa fedha. Mbolea hiyo ikifika ziwani hukuza ukungu wa kijani majini, na maji huzidi kuwa mazito. Mkulima amelisha ziwa kitu lisichokitaka, na shamba lake limebaki na njaa.

Si haki kumtwika mkulima wa juu lawama zote. Huko chini mafunjo yamefyekwa mahali pengi, nayo ndiyo yaliyokuwa chujio la maji ya mto. Tena yuko karpi, samaki aliyeingia ziwani kwa bahati mbaya, akaonekana tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Hufukua tope la chini akitafuta chakula, kama nguruwe shambani. Mnamo 2010 karibu samaki tisa katika kila kumi waliovuliwa walikuwa karpi. Simchukii, kwa kuwa amelisha nyumba nyingi za Kamere. Ila mwenye nyumba asafishaye mayai yake kwa mapezi hawezi kupatana na mpangaji wa namna hiyo.

Kuanzia 2010 wakulima wa Wanjohi na wa Turasha ya juu walianza kupewa hati za kununulia vitu vya shamba, kwa sababu ya kupanda mistari ya majani na miti na kuacha ukingo wa mto bila kulimwa. Mashirika ya WWF na CARE yalisaidia, na fedha zilitoka kwa watumiao maji ya ziwa, wakiwamo wenye mashamba ya maua. Malipo hayakuwa makubwa. Lakini majani ya Napier yapandwayo kukingama mteremko huzuia udongo, na yakikatwa humlisha ng'ombe, hata asiyepewa hati hapati hasara.

Mwenye kwenda Kamere na ndoana aulize kwanza ofisi ya samaki habari za leseni. Pia awe na hadhari ya kiboko. Basi hushika sana alfajiri na jioni, na hizo ndizo saa kiboko apitapo kati ya majani na maji. Usisimame katika njia yake.

Na asiyekwenda Kamere ana jaribio la kufanya nyumbani. Siku ya mvua kubwa teka maji ya mfereji unaotoka shambani mwako, ujaze chupa nyeupe, uiache mezani mpaka asubuhi. Pima kwa kidole tope lililotua chini. Fanya hivyo tena mwakani, baada ya kupanda majani, na umwonyeshe Bwana Shamba chupa zote mbili.