Sakitu ya Mirihi, Kiswahili cha Matonge

Safari hii chama chetu kilikutana Galerie d'Ixelles, katikati ya saluni na maduka ya Matonge, Brussels. Swali lilikuwa moja: barafu ya Mirihi inaelezeka kwa Kiswahili?

Jiji hili lina mkono katika habari hiyo. Huko Uccle iko Taasisi ya Kifalme ya Ubelgiji ya Aeronomia ya Anga, inayoongoza NOMAD, chombo kilichorushwa mwaka 2016 kuchunguza gesi za Mirihi. Mwaka 2024 NOMAD ilisaidia kuthibitisha kuwa volkano kubwa zilizo karibu na ikweta ya sayari hiyo huamka na sakitu ya maji. Unene wake ni kama sehemu moja ya mia ya milimita. Jua likipanda, hutoweka.

Volkano mojawapo, Arsia Mons, ina mashimo saba yaliyotangazwa mwaka 2007, yenye upana wa mita 100 hadi 250. Yanadhaniwa kuwa midomo ya mapango, na katika kiza cha pango barafu inaweza kudumu.

Wenzetu wa Goma walielewa upesi: lava huganda juu, ikaendelea kutiririka chini, ikaacha pango. Wa Moshi wakataja barafu ya Kilimanjaro. Lililotushinda ni neno sakitu. Limo kamusini, lakini wengi wetu hatukulijua.

Mirihi tunayo, sakitu tunayo. Tusipoyatumia maneno haya, tutakwenda kuazima kwa jirani kilichomo ndani mwetu.