Nani Refa? Ni Wewe Mwenyewe!

Leo naanza kwa kujiumbua mwenyewe.

Ilikuwa jioni, ufukweni hapa Dar es Salaam. Tulikuwa tunacheza altimeti, ule mchezo wa kurushiana kisahani cha plastiki ambacho wengi hukiita frizbi. Mimi nilikuwa bado mgeni. Tulikuwa 9 kwa 9, bao moja tu limebaki. Mwenzangu akarusha, nikakimbia, nikaruka, nikadaka. Timu nzima ikashangilia! Mimi nikatazama chini. Kisigino changu kilikuwa kimetua juu ya kamba ya mpaka. Na katika mchezo huu, ukikanyaga mpaka umetoka nje.

Hakuna aliyeona, na refa hakuna. Dada mmoja wa timu pinzani akanisogelea, akauliza kwa upole: "Kaka, ulikuwa ndani?"

Je, wewe ungejibu nini? Shika jibu lako, tutalirudia.

MCHEZO GANI HUU?

Usidhani ulibuniwa na wakubwa ofisini. Ulianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wa sekondari kama wewe, katika shule ya Columbia mjini Maplewood, jimbo la New Jersey, Marekani. Mwaka 1970 walicheza mechi ya kwanza dhidi ya shule nyingine, Millburn. Mwaka 1972 mchezo ukafika vyuo vikuu, Rutgers wakakutana na Princeton. Mwaka 2001 uliingia katika Michezo ya Dunia kule Akita, Japani, na mwaka 2015 shirikisho lake la kimataifa likatambuliwa kikamilifu na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Siku hizi unachezwa pia Nairobi, Kampala na hapa kwetu Dar.

Kwenye nyasi kila timu ina wachezaji 7, na ufukweni mara nyingi ni 5. Kila upande wa uwanja una eneo la goli. Ukidaka kisahani ndani ya eneo la goli unaloshambulia, ni bao. Ukiwa nacho mkononi huruhusiwi kukimbia. Mguu mmoja unabaki palepale, kama kwenye netiboli. Anayekukaba anahesabu mpaka 10, na kabla hajamaliza uwe umeshakirusha. Kikianguka, kikitoka nje au kikinaswa na wapinzani, basi kinakuwa chao. Kusukumana na kuvaana hakuruhusiwi.

LIGI NA MECHI ZA JIONI

Kwenye ligi, timu zinajulikana na ratiba inapangwa. Lakini wengi huanzia kwenye mechi za jioni, ambazo hazina usajili. Unakuja na fulana mbili, moja nyeupe na moja ya rangi nzito, kisha mnagawana pande kulingana na waliofika. Yako pia mashindano ambayo majina hutumbukizwa kwenye kofia na kuchanganywa, halafu timu zinapangwa kwa bahati nasibu. Leo unacheza na usiyemjua, kesho ni rafiki yako.

SASA REFA YUKO WAPI?

Hayupo. Kuna ligi ya kulipwa Marekani, iliyoanza mwaka 2012, ambayo ina marefa. Lakini kwa kawaida, hata kwenye Michezo ya Dunia, wachezaji ndio wanaoamua.

Inafanyika hivi. Tuseme unakwenda kudaka na mtu anakugonga mkono. Unasema kwa sauti, "Rafu!" Mchezo unasimama. Aliyekugonga ana njia mbili: akubali, nawe upewe kisahani, au asema hakubali na aeleze kwa nini. Mnasikilizana kwa ufupi, na aliyekuwa mahali pazuri pa kuona anaweza kuulizwa. Mkishindwa kukubaliana, kisahani kinarudi kwa aliyekirusha na mchezo unaendelea. Hakuna matusi wala kuzonga mtu.

Wachezaji wanaiita hali hii Moyo wa Mchezo, na ina alama zake. Baada ya mechi kila timu huipa nyingine alama kuanzia 0 mpaka 4 katika mambo matano: kuzijua kanuni, kuepuka kugusana, kutenda haki, kujitawala na kuwasiliana vizuri. Jumla ni 20. Timu inaweza kushika mkia kwenye mabao na bado ikaondoka na zawadi ya uungwana. Mara nyingi timu zote mbili hujipanga kwenye duara moja, zikasifiana na kukosoana.

Ati wote ni malaika? Wapi! Wapo wanaopiga kelele na wapo wanaodanganya. Niamini mimi.

INAHUSU NINI NA AFYA YAKO?

Shirika la Afya Duniani linashauri kijana wa mpaka miaka 17 auchangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Makadirio yake ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba vijana 81 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 11 hadi 17, walioko shuleni, hawafikii kiwango hicho. Wasichana walikuwa 85, wavulana 78.

Kwa nini wasichana wako nyuma? Uwanja umeshikwa na wavulana. Nyumbani vyombo vinamsubiri. Akikimbia, watu wanatoa maneno juu ya mwili wake. Altimeti ya mchanganyiko huweka uwanjani wanne wa jinsia moja na watatu wa nyingine, kwa hiyo hakuna timu bila wasichana. Lakini kuwapanga tu hakutoshi. Nimeona wavulana wakirushiana wenyewe kwa wenyewe huku msichana yuko peke yake golini, mikono juu. Huyo hachezi, anasindikiza. Kaka, mrushie!

Jambo kubwa zaidi ni sauti. Msichana mdogo kuliko wote uwanjani akisema "Rafu!", mchezo unasimama. Unaweza kutokubaliana naye kwa maneno, ila huwezi kuendelea kana kwamba hajasema kitu.

Katika kazi yetu ya kuzungumza na vijana mashuleni, tunasikia sana maneno haya: "Nilimwambia sitaki, akadhani natania." Mchezo mmoja hautamaliza tatizo hilo. Lakini mdomo uliozoea kusema "hapo umeniumiza", na sikio lililozoea kusimama likisikia, ni mazoezi mazuri ya maisha. Kumbuka tofauti moja tu. Uwanjani mnaweza kubishana kama ni rafu au si rafu. Nje ya uwanja, mtu akisema "sitaki" kuhusu mwili wake, hakuna mjadala. Ni kusimama tu.

MNATAKA KUANZA?

Mnahitaji kisahani kimoja (cha mashindano kina gramu 175) na ndala nane za kuweka mipaka. Kama hamjakipata, jifunzeni kurusha kwa mfuniko wa ndoo usio na kingo kali. Okoteni kwanza vioo na misumari. Pasheni misuli moto, na chezeni jioni jua likipungua. Kila mtu aje na maji yake. Msichana aliye kwenye siku zake anaweza kucheza kama anajisikia vizuri.

Mtu akiteguka kifundo cha mguu, apumzike, awekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, afungwe bandeji bila kukazwa sana, na aunyanyue mguu. Siku mbili tatu za mwanzo msimkande kwa maji ya moto wala kumchua. Akishindwa kuukanyagia, apelekwe hospitali. Waliogongana vichwa watoke uwanjani hata wakisema wako poa. Kutapika, usingizi usio wa kawaida au kichwa kinachozidi kuuma ni dalili za kuwahi hospitali.

NILIMJIBU NINI?

Nilisema, "Ndani."

Yule dada akaniamini. Akanipa mkono, akanipongeza. Tukashinda. Njiani kurudi nyumbani wenzangu walikuwa wanaimba, mimi nimenyamaza. Angekuwapo refa, ningejitetea kwamba kazi ya kuona ilikuwa yake. Lakini niliulizwa mimi.

Wiki iliyofuata nilimfuata kabla ya mechi, nikamweleza ukweli mbele ya wenzangu. Hakufoka. Alisema tu, "Sawa, basi leo sisi tunaanza na bao moja." Tukakubali. Siku hiyo tulifungwa, na usiku nililala vizuri.

JADILI NA WENZAKO

1. Je, shuleni kwenu mechi bila refa inawezekana? Kitaharibika nini kwanza?
2. Mara ya mwisho mtu kukuambia "umeniumiza", ulisimama au ulijitetea?
3. Wasichana wa darasa lenu wanacheza mchezo gani baada ya masomo? Kama hakuna, waulizeni wao sababu.