Gari la turbo na kipimo cha moshi

Kwenye milima ya Kibondo na Kasulu, mwenye Subaru ya turbo hutamani fundi amwongezee presha. Tunasema: apime kwanza. Petroli kilo 1 huungua sawasawa na hewa kilo 14.7. Sensa ya kawaida ya ekzosi hueleza tu kama mafuta yamezidi au yamepungua. Waidibendi hutoa namba yenyewe. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho mlimani, namba ikae 11.5 hadi 12 hivi, maana petroli ya ziada hupooza silinda. Ikipanda kuelekea 14, ondoa mguu: injini ikianza kugonga, pistoni inaweza kutoboka. Moshi mweusi unakera, ila hauui injini haraka hivyo. Sensa ifungwe baada ya turbo. Kabla yake joto litaiunguza.