Shoti, kukatika na ukinzani: maneno matatu ya taa ya gari isiyowaka

Taa ya mbele ya gari ikikataa kuwaka, jibu la haraka katika gereji nyingi ni kwamba imepiga shoti. Neno shoti limepanuka hata linabeba karibu kila hitilafu ya umeme. Katika mazungumzo upana huo haudhuru sana, kwa kuwa fundi ana gari mbele yake na atalikagua. Mfasiri wa kitabu cha matengenezo hana gari. Ana neno tu. Akilikosea, fundi atakayemsoma atatafuta kasoro mahali ambapo haipo, na dereva atarudi barabarani usiku kwa taa moja, huku wanaokuja mbele yake wakidhani ni pikipiki.

Tuchukue gari la kawaida la volti 12. Katika mpangilio uliozoeleka, umeme hutoka kwenye ncha chanya ya betri, hupita katika fyuzi, kisha katika rilei inayoamriwa na swichi ya dereva, hufika kwenye globu (au balbu, kama wasemavyo wengine), na hurudi kwenye ncha hasi kupitia bodi ya gari. Njia hiyo nzima ndiyo saketi. Isipokamilika, mkondo hautiririki.

Shoti kwa maana yake halisi hutokea pale waya wenye umeme unapogusa bodi kabla ya kufika kwenye globu, mathalani baada ya gamba lake kuchubuka. Mkondo huikwepa globu na kupita njia ya mkato. Kwa kuwa hakuna cha kuupunguza, huwa mkubwa mno na fyuzi huungua. Hesabu yake ni nyepesi: globu ya wati 55 kwa volti 12 huvuta takriban ampea 4.6, kiasi ambacho fyuzi ya ampea 10 huhimili bila taabu. Kwa hiyo fyuzi mpya inayoungua mara tu taa inapowashwa ni dalili ya shoti, na fyuzi nzima mbele ya taa iliyozimika huelekeza kwingine. Anayetia fyuzi kubwa zaidi ili “isiungue” amehamishia kuungua huko kwenye waya. Hapa mfasiri ajihadhari na neno moto. Mafundi husema waya “una moto” wakimaanisha una umeme, lakini katika maonyo ya usalama ni heri kuandika “waya wenye umeme”, ili moto ubaki kuwa moto.

Kukatika ni kinyume cha shoti: njia imevunjika mahali fulani, iwe ni uzi wa globu, fyuzi, rilei au waya wenyewe. Kiingereza husema kwamba saketi kama hiyo iko wazi, na kwamba ile iliyokamilika imefungwa. Tafsiri ya neno kwa neno hupindua maana. Kwetu mlango ulio wazi ndio unaopitisha watu, na njia iliyofungwa haipitiki. Mwanafunzi anayesoma “saketi wazi” ana haki kabisa ya kudhani kwamba umeme unapita. Anayeambiwa “funga saketi” huenda akaizima. Tunapendekeza saketi iliyokatika na saketi iliyokamilika, maneno ambayo hayahitaji tanbihi.

Ukinzani ndio unaowasumbua mafundi zaidi, na ndio usio na jina la kawaida mitaani. Njia haikukatika, bali imebanwa: kutu kwenye soketi, skrubu iliyolegea, nyuzi chache tu zilizobaki ndani ya waya. Taa huwaka kwa unyonge au haiwaki kabisa. Fundi huchomoa globu, hupima soketi kwa multimita na kusoma volti 12 kamili, kisha hutangaza kwamba umeme unafika. Kipimo hakikudanganya. Multimita huvuta mkondo mdogo mno, na mkondo mdogo hupoteza volti chache sana katika ukinzani. Globu ikirudishwa, mambo hubadilika. Ikiwaka sawasawa, globu hiyo ina ukinzani wa omu 2.6 hivi, omu moja tu ya kutu itajitwalia zaidi ya robo ya volti zote. Nao mwanga hushuka kwa kasi kuliko volti: globu ya uzi inayopata asilimia 90 ya volti zake hutoa takriban asilimia 70 tu ya mwanga wake.

Ndiyo maana kishazi “taa ikiwa imewashwa” kisidondoshwe katika tafsiri ya maelekezo ya kupima, hata kikionekana cha ziada. Bila hicho, kipimo hupimwa pasipo mkondo na kasoro haionekani.

Swahiba wa ukinzani ni ethi, yaani njia ya kurudia. Baadhi ya watafsiri huandika ardhi. Kwa umeme wa nyumbani neno hilo lina mantiki, kwa kuwa waya huzikwa udongoni. Gari limekaa juu ya mpira, na umeme wake haushuki chini popote. Ethi, au “bodi”, linafaa zaidi. Kuikagua ni rahisi: taa ikiwa imewashwa, ncha moja ya multimita huwekwa kwenye ncha hasi ya betri na nyingine kwenye mguu wa ethi wa globu. Kipimo kikizidi nusu volti, njia ya kurudia imebanwa. Hufuatwa waya huo (wingi nyaya, kama waraka na nyaraka, ingawa neno lenyewe ni la kukopa) hadi unapofungwa kwenye bodi, skrubu hufunguliwa, rangi na kutu hukwanguliwa mpaka bati ling’are, kisha hukazwa na kupimwa tena.