Dakika Ngapi Juani? Siri ya Kiunzi cha Kupigia Chapa

Fulana yenye jina la shule anayoivaa mtoto wenu, na kitambaa chenye maandiko kinachotundikwa barabarani siku ya sikukuu, mara nyingi vimepigwa chapa kwa kiunzi cha mbao kilichowambwa wavu mwembamba sana. Kazi hiyo huitwa serigrafia. Kwa macho yaonekana nyepesi, lakini ndani yake mna jambo moja linalowashinda vijana wengi: kujua dawa ya kiunzi ikae katika mwangaza kwa dakika ngapi.

Jambo hilo mimi nalijifunza kwa aibu. Wanafunzi wangu walitaka kupiga chapa fulana 60 za shule, na wazazi walikuwa wamekwisha kutoa fedha. Fundi mmoja alikuwa ametuambia: "Juani, dakika 4." Basi tukapaka dawa, tukaweka picha, tukatoa kiunzi nje kwa dakika 4. Tulipoosha, dawa yote ikaondoka na maji, maandiko na pembe zake pamoja. Nikamkemea kijana aliyeshika ndoo, nikamwambia kwamba mikono yake ni mizito. Mara ya pili niliosha mwenyewe, polepole kama mtu aoshaye mtoto mchanga. Dawa ikaondoka vilevile.

Hapo nikatambua kwamba kosa si la kijana. Dakika 4 za yule fundi zilikuwa za jua la saa sita, wakati wa kiangazi. Sisi tulifanya kazi saa kumi ya jioni, majira ya mvua, mbingu ina mawingu, tena dawa yetu haijakauka vema. Nikamwomba kijana radhi mbele ya wenzake.

Mwangaza hufanya nini? Dawa hiyo, ambayo mafundi huiita emulsio, hupakwa juu ya wavu na kukaushwa gizani. Kiisha filamu yenye maandiko meusi huwekwa juu yake. Mwangaza unapopita penye weupe, dawa hugeuka ngumu na haiyeyuki tena kwa maji. Chini ya weusi, mwangaza haufiki. Dawa hubaki laini, na maji huiondoa. Hapo ndipo wino utakapopita kuingia katika kitambaa.

Akili hii si ya jana. Mwaka 1839, Mungo Ponton wa Scotland alionyesha kwamba karatasi iliyolowekwa katika bikromati ya potasi hubadilika kwa mwangaza. Mwaka 1852 Talbot, Mwingereza, alichukua hati ya kulinda njia yake ya kuchora bamba la chuma kwa gelatini iliyotiwa bikromati, ambayo hugeuka ngumu kwa mwangaza. Tena mwaka 1907 Samuel Simon wa Manchester alipewa hati kwa kazi ya kupiga chapa kwa wavu wa hariri. Bikromati ni sumu kali. Mafundi wengi wa leo hutumia dawa za diazo au za fotopolimeri. Za diazo hutaka muda mrefu zaidi. Za fotopolimeri huwahi kuwa ngumu.

Muda ukipungua, dawa hutoka wakati wa kuosha, au hubaki na utelezi upande wa ndani, yaani upande wa kukokotea wino. Sababu ni kwamba mwangaza hutoka upande wa filamu, nao hufika ndani mwisho. Kiunzi cha namna hiyo chaweza kuonekana kizuri, lakini baada ya fulana chache hutoboka. Muda ukizidi, mwangaza hupenya pembeni chini ya mistari myembamba; dawa ya hapo hugeuka ngumu, na herufi ndogo huziba.

Basi tuutafuteje muda wa haki? Tusibahatishe, tupime. Wanafunzi, fanyeni hesabu pamoja nami. Chukueni filamu yenye mistari minene na myembamba, iliyorudiwa katika mafungu 5. Iwekeni juu ya kiunzi kilichokauka, mkaikandamize kwa kioo kisafi kusudi ishikamane na dawa, na chini ya wavu wekeni kitambaa cheusi. Acheni mafungu yote katika mwangaza dakika 2. Kiisha funikeni fungu la kwanza kwa karatasi ngumu isiyopitisha mwanga, mngoje dakika 1. Funikeni na la pili, mngoje dakika 1; vivyo hivyo mpaka la tano. Mtakuwa na dakika 2, 3, 4, 5 na 6 katika kiunzi kimoja.

Sasa losheni pande zote mbili, ngojeni kidogo, mwoshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi. Pitisheni kidole upande wa ndani. Fungu lenye utelezi halijaiva. Chagueni fungu la kwanza ambalo halina utelezi na mistari yake myembamba imefunguka. Dawa ya diazo ina alama nyingine: rangi yake hubadilika kadiri inavyopata mwangaza. Mafungu mawili yanayofuatana yakiwa na rangi moja, jueni kwamba lile la kwanza limekwisha kutosheka. Kama yote yana utelezi, rudieni kwa dakika maradufu: 4, 6, 8, 10 na 12.

Lakini angalieni: muda mlioupata ni wa taa ile, dawa ile na wavu ule. Taa ndogo ikisogezwa kutoka sentimeta 30 hadi 60, muda hauwi mara 2, bali mara 4. Dakika 3 huwa 12. Wavu wa manjano hutaka muda mrefu kuliko mweupe, ila hulinda vema mistari myembamba. Dawa iliyopakwa nene hutaka zaidi. Tena dawa yenye unyevu haiwi ngumu sawasawa, hata ikikaa juani sana. Kwa sababu hiyo, wakati wa mvua, wapeni viunzi saa nyingi za kukauka. Na atumiaye jua na apime saa ileile atakayofanyia kazi, tena mbingu ikiwa safi.

Sisi tulipima siku iliyofuata, saa sita, mbingu nyeupe. Fungu la dakika 5 ndilo lililokuwa jema. Fulana 60 zilitoka zote, ingawa zilichelewa siku tatu. Yule kijana niliyemkemea akapewa daftari ya kuandika kila kipimo: tarehe, saa, hali ya mbingu, dawa na dakika. Tangu siku hiyo hatupaki dawa bila kuitazama daftari yake.

Wazee walisema: haraka haraka haina baraka. Mtu aliyeharibu kipande kimoja cha wavu kwa kupima ameokoa fulana sitini. Naye mwalimu, kabla hajalaumu mikono ya mtoto, na aipime kwanza kazi aliyompa.