Majani ya juu, samaki ya chini

Ndugu wafanyakazi, mu Kongo yetu nzima punda milia iliyobakia mu pori ni ya parki ya Upemba, ku milima ya Kibara, karibu na Lusinga. Kule juu kuko baridi, miti ni michache, ni majani tu mpaka macho inachoka. Wabelgiji walifunga eneo lile mu 1939.

Mu kambi wananiuliza: punda milia italeta bukari ku meza? Bukari hapana. Lakini mvua ya kule juu inashuka ku Lufira na Lualaba, inafika mu maziwa ya Upemba na Kisale. Samaki kavu ya soko letu, nyingi inatoka kule.

Muwindaji anachoma majani ili nyama ikuje kula machipukizi, kisha anapiga. Kuko wa makala, kuko na wachimbaji. Mimi mtu wa sendika siwezi kumufukuza mwenye njaa bila kumutafutia kwanza kare ya halali, inje ya parki.

Na walinzi? Ni wafanyakazi kama siye. Wamoja waliuawa kwa kazi. Wajane wao, sendika gani inawauliza habari?