Miguu Kuvimba, Pumzi Kukata: Je, Ni Uzee au Ni Moyo?



Mwaka jana tulimtembelea mzee mmoja wa kikundi kule Mbololo. Miezi mingi alikuwa haji mkutanoni, na wenzake walishaanza kusema ati anakwepa mchango. Tulimkuta ameketi kitandani, mito mitatu nyuma yake, miguu imevimba. "Nikilala chali nahisi kama nazama," alituambia.

Nyumbani walisema ni uzee. Jirani alisema amerogwa. Katika zahanati moja alikuwa ameongezewa vidonge vya presha, na tangu hapo kila akisimama aliona giza. Mara mbili alianguka shambani. Ugonjwa wake ulikuja kujulikana Mombasa, lakini tulikuwa tumechelewa. Tulimzika kabla ya mvua za vuli.

Dalili zote zilikuwa mbele ya macho yetu. Hakuna aliyeziunganisha. Ndiyo sababu tunaandika.

Moyo mgumu ni nini?

Mnajua maji ya chumvi ya visima vyetu vya huku chini. Ukichemsha kila siku, ukoko mweupe hushika ndani ya sufuria. Katika ugonjwa uitwao amiloidosisi, protini fulani mwilini hujikunja vibaya, zikashikana na kujijenga kidogo kidogo ndani ya nyama ya moyo. Kuta za moyo huwa nene na ngumu kama mpira wa baiskeli uliokauka kwa jua. Moyo bado unapiga, lakini haupanuki vizuri kupokea damu. Basi damu hurudi nyuma: maji yanajaa mapafuni, tumboni na miguuni.

Zipo aina mbili kubwa. Moja hutokana na chembe zilizoharibika ndani ya uboho wa mifupa, nayo huenda mbio sana. Ya pili hutokana na protini inayotengenezwa na ini, na huwapata zaidi wazee. Hii ya pili wakati mwingine hurithiwa. Huko Marekani, watu weusi kama 3 au 4 katika kila 100 wanabeba urithi huo, ingawa si wote wanaougua. Kwa hiyo tusiseme ni ugonjwa wa wazungu.

Si ugonjwa pekee wa kukaza moyo. Mwaka 1948 Daktari J.N.P. Davies wa Mulago, Kampala, alieleza ugonjwa mwingine ambao huweka kovu ndani ya moyo, hata kwa watoto na vijana. Tumbo hujaa maji sana na miguu huvimba kidogo tu. Wengi wa namna hii hudhaniwa kuwa wana ugonjwa wa ini, au wamerogwa.

Tuangalie nini kitandani?

1. Uliza juu ya mito. Analala na mito mingapi? Je, huamka usiku akitafuta hewa dirishani?

2. Bonyeza mguu. Bonyeza mfupa wa mbele wa mguu kwa kidole gumba, uhesabu hadi kumi. Kikibaki kishimo, hayo ni maji.

3. Tazama shingo. Aketi nusu akiegemea mito. Mshipa wa shingo ukijaa hadi karibu na sikio, moyo umeelemewa. Akivuta pumzi na mshipa ukazidi kujaa badala ya kushuka, huenda moyo umekuwa mgumu.

4. Uliza juu ya mikono. Je, vidole vya mikono yote miwili vimekuwa vikifa ganzi, hasa usiku? Mzee wetu alikuwa na ganzi hiyo kwa miaka, sisi tukasema ni jembe. Katika amiloidosisi ganzi huweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka mingi.

5. Tazama ulimi na macho. Ulimi uliokuwa mnene na wenye alama za meno pembeni, au alama za zambarau kuzunguka macho bila kuumia, ni dalili kubwa za ile aina inayokwenda mbio. Lakini wengi hawana dalili hizi, kwa hiyo kuzikosa si kusema yuko salama.

6. Pima presha akiwa ameketi, halafu akisimama dakika tatu. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye kipimo cha presha. Mtu aliyekuwa na presha ya juu miaka mingi, na sasa dawa zilezile zinamwangusha, apelekwe kwa daktari upesi. Asiache dawa mwenyewe!

Dalili moja peke yake haitoshi. Miguu huvimba pia kwa figo, ini, upungufu wa damu na ujauzito. Mguu mmoja tu ukivimba ghafla na kuuma, huenda damu imeganda ndani. Hayo yote ni ya hospitali.

Hospitalini mwambieni nini?

Msiseme "amevimba" peke yake. Andikeni katika daftari: ameanza lini, mito mingapi, ganzi ya mikono, dawa anazomeza, na kama kuna mtu wa ukoo aliyeugua hivyo. Ombeni apimwe umeme wa moyo na apigwe picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Picha ikionyesha kuta nene huku karatasi ya umeme ikionyesha mawimbi madogo, daktari atakuwa na sababu ya kushuku amiloidosisi.

Dawa za kupunguza maji humpa mgonjwa nafuu. Ile aina ya uboho hutibiwa kwa dawa kama za saratani, na kila wiki ina maana. Kwa aina ya pili zipo dawa za kuishikilia protini, lakini ni ghali mno.

Kutoka Voi hadi Mombasa ni kama kilomita 150. Kikundi kiwe na mfuko mdogo wa nauli ya wagonjwa, na kila mmoja ajisajili SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Maswali ya kujadiliana

1. Nani katika kikundi chetu ameacha kuja mikutanoni? Tumemtembelea, au tumemsema?
2. Nani anaweza kufundishwa kutumia kipimo cha presha?
3. Daftari la mgonjwa litawekwa wapi, na nani atalishika?